Sauti ya Anaclet katika Kijiji cha Ufaransa

Gracieuse hakuwa amepanga kwenda kokote Jumamosi ile. Alikuwa na vichwa vitatu vya kusuka pale saluni, Overport, jijini Durban, na kimoja kilikuwa cha bibi harusi. Lakini Ijumaa jioni akapigiwa simu na Wangari, Mkenya aliyefundisha watoto wa kanisa lao la Wakongo, akaambiwa kwamba mzazi mmoja ameugua na watoto ishirini na wawili hawawezi kupelekwa paki ya michezo na watu wazima wawili tu.

"Mama Inès, tafadhali usiniangushe. Tiketi yako iko, chakula kiko. Wewe njoo tu na miguu yako."

Inès, binti yake wa miaka kumi, alikuwa amesimama palepale akisikiliza, amekutanisha viganja kama mtu anayesali. Gracieuse akacheka. Bibi harusi akamwachia mwenzake Belinda, na asubuhi teksi mbili, zile basi ndogo, zikawabeba watoto na kelele zao zote, zikashika barabara ya kaskazini, miwa huku na miwa huku, jua la mwezi wa saba likiwaka bila kuchoma.

Paki yenyewe ilikuwa imegawanywa kama ramani ya dunia. Kulikuwa na Misri yenye piramidi za saruji, kulikuwa na Uchina yenye joka la kuteremkia majini, na nyuma ya gurudumu kubwa kulikuwa na Kijiji cha Ufaransa. Watoto wa Kikongo walipoliona lango lake walipiga makofi. "Leo tunaingia Ulaya bila viza!" akasema mmoja, na hata dereva wa teksi, aliyekuja kuomba soda, akacheka.

Kijiji kilikuwa mtaa mmoja tu uliopinda. Nyumba zilikuwa za mbao, zimepakwa rangi ya waridi na rangi ya maziwa. Madirisha yalichorwa, mapazia yakachorwa ndani ya madirisha, na paka akachorwa nyuma ya pazia. Milango ilikuwa na vitasa visivyozunguka. Harufu ya mkate mpya ilitoka mahali fulani ukutani, lakini duka la mkate liliuza chipsi na bisi. Watoto walikimbilia farasi wa kuzunguka. Gracieuse akabaki peke yake mtaani, mkoba begani. Pale mahali palikuwa kama mtaa ambao wenyewe wametoka mbio, wakaacha milango imefungwa na mikate motoni.

Ndipo kengele ikalia mara mbili, na mtu akasafisha koo.

Alisafisha koo taratibu, mara moja, kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze kabla hajaanza kusoma imla. Gracieuse alikuwa ameshakijua kile kikohozi kabla neno la kwanza halijatoka.

"*Mesdames et messieurs, soyez les bienvenus dans notre petit village,*" ikasema sauti ya mwanamume kutoka juu. Ikawakaribisha watu wote kijijini. Ikawaambia watoto washike mikono ya wazazi wao. Ikasema hakuna haraka, kila mtu achukue muda wake. Ile *r* ilivingirishwa kwa namna ya Bukavu, kwao Kongo, kama kokoto mdomoni.

Ilikuwa sauti ya mume wake, Anaclet, ambaye Gracieuse hakuwa amemsikia wala kumwona kwa miaka kumi na miezi mitatu.

Mkoba ulianguka, na Gracieuse hakuuokota. Alikwenda kwenye mlango wa kwanza akavuta kitasa, kikabaki palepale. Akaenda wa pili. Akapiga ubao kwa kiganja. "Anaclet! Weye Anaclet! Iko humu?" Familia moja iliyokuwa ikijipiga picha ikasogea kando, ikamtazama. Sauti ilikuwa imekwisha, na kinanda cha kuzungusha kwa mkono kikaanza kupiga muziki wa furaha.

Wangari ndiye aliyemkuta, ameegemea ukuta, vidole vimechubuka.

"Mama Inès, kuna nini? Umeumia?"

"Bwana yangu iko humu ndani."

Wangari aliijua ile habari. Kanisa zima lilijua. Anaclet alikuwa mwalimu wa Kifaransa Bukavu. Durban alikuwa mlinzi wa magari kwenye paking, fulana ya manjano na filimbi shingoni, na mara nyingine alipata kazi ya kupaka rangi. Mwezi wa nne wa mwaka 2015, wageni wa nchi nyingine za Afrika walipokuwa wakipigwa mitaani na maduka yao kuvunjwa, wao watatu walijifungia chumbani siku mbili, Inès akiwa mtoto wa miezi saba. Siku ya tatu maziwa yaliisha. "Naenda hapo kona tu," Anaclet alisema. "Chai yangu usiifunike, nitaikuta iko na moto."

Hakurudi. Gracieuse alimtafuta hospitali, polisi, kwenye mahema ya waliokimbia, na mochwari mara nne, akifunuliwa nyuso za wanaume asiowajua. Hakuna aliyemwona. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na kiatu. Tangu hapo alimwona kila mahali. Alimwona kiti cha nyuma cha teksi. Alimwona akivuka kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Overport, shingo ileile, akashuka akamkimbilia, na mtu akageuka na uso wa mwingine. Mchungaji alimwomba mara tatu wamfanyie Anaclet matanga, na mara tatu akakataa. "Siwezi kulia mtu wakati hakuna mwenye alinambia amekufa." Kila alipokwenda kuongeza muda wa karatasi zake za ukimbizi, palipoulizwa kama ana mume, aliandika ndiyo.

"Ni spika, dada," Wangari akamwambia polepole. "Ni kitu kimerekodiwa."

"Najua ni spika. Nataka kujua kimerekodiwa lini."

Wangari akaelewa. Kama sauti ile ilirekodiwa baada ya mwezi wa nne mwaka 2015, basi Anaclet hakufa ile siku ya maziwa.

Walimpata mtu wa mitambo kwenye kijumba nyuma ya farasi. Aliitwa Ephraim, Mzulu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Gracieuse alizungumza naye kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, kile alichojifunza kwa wateja wake, na alijikaza asipige kelele. Alisema tu, yule anayesema Kifaransa, mimi ni mke wake.

Ephraim akaiweka chini chupa yake ya chai.

"Yule mwalimu?" akauliza.

"Unamjua?"

"Mama, yule alikuja hapa kama mpaka rangi. Huu upande wote wa waridi ni mkono wake. Siku moja akamwambia bosi kwamba neno pale juu ya duka la mkate limeandikwa vibaya, limeruka herufi. Bosi akakasirika, halafu akaenda kutazama kwenye simu yake, akakuta ni kweli. Ndipo akamwambia, kama wewe unajua sana, njoo usome na matangazo." Ephraim akacheka kidogo, kisha akaona uso wa Gracieuse, akaacha. "Mimi ndiye nilimrekodi. Palepale ulipokaa."

"Lini?"

Akageukia kompyuta. Alitafuta muda mrefu, akifungua na kufunga. Nje watoto walikuwa wakipiga mayowe juu ya farasi. Gracieuse alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili, na baadaye alimwambia Wangari kwamba katika dakika zile alikuwa ameshampikia Anaclet, ameshamnyoa ndevu, ameshamgombeza na kumsamehe.

"Hii hapa," akasema Ephraim. "Tarehe kumi na moja, mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na tano."

Mwezi mmoja kabla.

Hakulia. Alisema, "Asante, baba," akabaki kitini. Alihisi kama mtu aliyefunuliwa uso mochwari kwa mara ya tano, na safari hii uso ni wa mume wake. Wangari akamshika bega. Kengele ya kijiji ikalia tena mara mbili. Anaclet akasafisha koo juu ya vichwa vyao, akawakaribisha wote, akawaambia wachukue muda wao.

Ephraim alingoja hadi sauti imalizike.

"Iko nyingine," akasema. "Kabla ya kusoma, nilimwomba aseme chochote, nipime sauti. Akasema lugha yenu. Mimi sikuelewa, na sikuifuta. Unataka?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa na Inès akaingia, nywele zimejaa bisi. "Mama, tunakutafuta mahali yote! Eish, mbona unakaa huku?" Kisha akaona macho ya mama yake. "Mama, juu ya nini uko hivi?"

Gracieuse angeweza kumtoa nje. Wangari alikuwa ameshanyosha mkono amchukue. Lakini mama alimvuta mtoto, akamkalisha pajani kana kwamba bado ni mdogo, miguu mirefu ikigusa sakafu, na akamwashiria Ephraim kwa kichwa: weka.

Kwanza ulisikika mlio wa kiti. Halafu kikohozi. Halafu Anaclet, karibu kabisa, kana kwamba yuko upande wa pili wa meza.

"Bon. Niseme nini? Naitwa Anaclet. Nilikuwa mwalimu, sasa niko napaka rangi Ufaransa ya mbao. Huyu papa hapa haiko nasikia Kiswahili, basi nitasema kweli. Bibi yangu anafikiri niko napaka ukuta wa shule. Sijamwambia. Wakifungua hapa nitamleta, avae ile robe ya bleu, asimame katikati ya barabara, asikie bwana yake iko nasema juu kama padri. Atacheka mpaka atakaa chini. Inès naye nitamleta. Jana aliota jino. Moja, hapa chini. Aliniuma kidole, nikalia kama mtoto." Akacheka. "Inatosha, papa? Ni sharp?"

Ikakatika.

Inès akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani?"

"Ni baba yako."

"Na mtoto mwenye jino, ni mimi?"

"Ni weye."

Mtoto alipeleka kidole mdomoni, akagusa meno ya chini moja moja, kana kwamba anatafuta ni lipi. "Aweke tena," akasema.

Ephraim aliirudisha mara tatu. Mara ya tatu Gracieuse alitoka nje kabla haijaisha, akasimama katikati ya mtaa, na pale, mbele ya madirisha yaliyochorwa, akalia kwa sauti, kilio cha kwao, mikono kichwani. Watu walipita wakizunguka mbali. Wangari alisimama kando yake akiwa ameokota mkoba, na hakumwambia anyamaze.

Kabla hawajaondoka Ephraim alizituma sauti zote mbili, ya Kiswahili na ya matangazo, kwenye simu ya Gracieuse. Akasema matangazo yenyewe hawezi kuyazima, si uamuzi wake, lakini akitaka atamwuliza bosi. Gracieuse alifikiri. "Hapana," akasema. "Muache aseme."

Gracieuse mwenyewe alimwambia mchungaji kwamba mtu wa sauti ile, angekuwa hai, angerudi; na matanga ya Anaclet yalifanyika Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, kwenye ukumbi wa kanisa. Hapakuwa na jeneza wala kaburi la kwenda. Watu walileta sukari, majani ya chai na viti vya kukodi. Juvénal, aliyekuwa akilinda magari pamoja naye paking, alikuja kutoka Chatsworth akasimama, akaeleza jinsi Anaclet alivyokuwa akisahihisha Kifaransa cha wenzake mvua ikinyesha, na watu wakacheka, kisha wakalia. Gracieuse hakuwachezea ile sauti. Mchungaji aliomba aisikie, naye akasema hiyo ni ya nyumbani. Jumatatu iliyofuata alikwenda ofisi ya karatasi, na palipoulizwa kama ana mume, aliandika kwamba mume amefariki.

Alidhani baada ya hapo ataacha kumwona Anaclet barabarani, na kweli aliacha. Shingo za wanaume zikawa shingo za wanaume tu. Ila saluni, akiwa ameshika kichwa cha mtu katikati ya mistari, mara nyingine vidole vilisimama vyenyewe. "Kuna nini?" mteja angeuliza. Hakuna kitu, angejibu. Na angejua kwamba huko kaskazini, mbele ya watu wasiomjua, mume wake ndiyo kwanza anamaliza kuwakaribisha.

Inès aliomba simu kila siku alipotoka shule. Mwanzo alisikiliza tu. Baadaye akaomba kufundishwa Kifaransa, jambo ambalo miaka yote alilikataa, akisema Durban hakuna anayekitaka. Gracieuse akamnunulia daftari.

Jioni moja ya mwezi wa tisa Gracieuse alikuwa chumbani akikunja nguo, mtoto yuko jikoni na vyombo. Maji yalikuwa yakitiririka. Kisha yakafungwa, na kule jikoni mtu akasafisha koo, taratibu, mara moja.

Gracieuse akasimama na shati mkononi. Alijua ni nani. Hakuthubutu kwenda kutazama, wala hakutaka kumkatiza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akasikiliza yale maneno ya Kifaransa ya kuwakaribisha watu yakija moja baada ya jingine, *r* zikivingirika kama kokoto, mpaka mwisho.

"Mama," Inès akaita, "nimesema muzuri?"

"Umesema muzuri," akajibu. "Sema tena."