Mawifi wawili na simu zenye adabu

Jina alilopewa na wazazi wake analo, ila ukiliulizia mtaani utazunguka mpaka viatu viishe soli. Uliza Mkasi. Hapo hata mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke kwenye chumba chenye cherehani mbili na meza ndefu, dirisha limetazama barabara. Mkasi ndiye mkataji wa mapazia. Mshonaji ni wifi yake, mke wa kaka yake.

Sasa, mawifi hawa walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Mikono ikishika kitambaa, midomo nayo inashikana.

"Wifi, huu mshono umelewa? Mbona unayumba?"

"Umefuata njia uliyokata wewe. Muulize aliyeulewesha."

Basi ni kicheko mpaka jioni. Wateja wengine pazia lilikuwa limeshakamilika, limeshakunjwa, na bado wamekaa kwenye benchi wanasikiliza.

Siku moja mteja mgeni akaona pindo limekwenda upande. Kabla hajasema neno, Mkasi akadakia, "Usishangae, dada. Kaka yangu tulimtafutia mke, fundi hatukumtafutia."

Mteja akacheka. Mkasi akageuka kungoja jibu, maana wifi hakosi jibu. Siku ile wifi alifunika cherehani yake, akachukua mkoba, akaondoka.

Kesho yake alirudi, akashona kimya. Ukimya wa wifi, wewe usiuombe! Halafu umbea ukafika: karakana ya ng'ambo ya barabara ina kiti kitupu, na wifi ameshaitwa akakikalie. Mshonaji mwingine Mkasi angempata. Wifi mwingine angemtoa wapi?

Binti yake akamwonea huruma. "Mama, si uiambie simu? Hii akili mnemba inaandika vizuri, utadhani hakimu."

Mkasi akaieleza simu yote, simu ikamwandikia: *Mpendwa wifi, natambua kwamba maneno yangu yaliumiza hisia zako. Uhusiano wetu una thamani kubwa kwangu.* Akatuma, roho juu juu. Jibu halikukawia: *Mpendwa wifi, nashukuru kwa uwazi wako. Nami nathamini safari yetu ya pamoja.*

Mkasi alilala usingizi wa mtoto. Asubuhi akaingia kazini meno yote nje. Wifi hakuinua hata jicho.

Mambo yakaenda hivyo siku baada ya siku. Usiku kwenye simu ni kupendana na kuthaminiana, mchana chumbani hata "nipe pini" hakuna. Simu zao zilikuwa zimeshakuwa mashoga. Zingekuwa na miguu zingetembeleana.

Ikaja kazi ya mapazia ya ukumbi, kitambaa kizito, kirefu, kisichokunjika na mtu mmoja. Mkasi alijaribu peke yake, akajifunga nacho kama mzigo wa kupelekwa stesheni. Kuita akaona aibu. Akatoa mkono mmoja, akaiagiza simu kwa kunong'ona, ujumbe ukaenda: *Mpendwa wifi, naomba ushirikiano wako katika kukunja pazia.*

Kule kwenye cherehani simu ikalia. Wifi akaisoma, akaisogeza mdomoni, akasema, "Mjibu huyu. Kwa heshima. Mwambie nakuja."

Mkasi akaruka na pazia lake. "Alaa! Kumbe na wewe unaandikiwa?"

"Kwani wewe unajiandikia? 'Natambua hisia zako'! Wewe? Tangu lini? Nilijua siku ya kwanza kwamba si wewe, nikasema basi na mimi nimwachie wangu aongee na wako."

"Mwanamke wewe! Mimi nalala usingizi kumbe nimesamehewa na mashine!"

Wifi akaanza kucheka, akajizuia. "Usinichekeshe, bado nimekasirika. Sema mwenyewe, kwa mdomo uleule ulionisema."

Mkasi akavuta kitambaa, akakiachia. "Wifi... ya humu ndani yangebaki humu ndani. Yule mteja hajui utani wetu. Nilikuuza ili acheke. Nimekosa."

"Mbele ya mtu, wifi. Kazi yangu."

"Kazi yako. Na pindo lenyewe... mimi ndiye niliyelikata vibaya."

"Nilijua!" Wifi akapiga kofi cherehani. "Nilijua toka siku ileile, shetani wewe!" Akainuka, akashika ncha ya pili ya pazia. "Vuta basi. Unavuta kama mgonjwa."

"Sijala vizuri tangu uninunie, nguvu zitoke wapi?"

"Hujala, na gauni limekubana hivyo?"

Wakakunja, wakikutana katikati na kuachana, mpaka kitambaa kikaisha. Mkasi hakuweza kujizuia. "Na kile kiti cha ng'ambo?"

Wifi alitazama simu yake mezani, akaiacha hapohapo. Akaenda mlangoni, akajaza mapafu, akapiga kelele barabara nzima ikasikia, "Jirani! Kiti chenu mpeni mwingine, mimi nina kwangu!"

"Nikakikalie mimi?" Mkasi akauliza kwa nyuma.

"Wewe? Watakurudisha kabla ya saa sita, na mdomo huo! Hebu nipe pini."