Chumba cha Wakili Nilichokigawa

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya soko, mwanangu, mama mmoja alipopanda ngazi za mawe za jengo la Mzee Mutinda katika mtaa wa zamani wa Kitui. Siku hiyo sijaisahau. Nakusimulia leo kwa sababu nasikia umepata kazi ya kukodisha vyumba vya watu.

Kwanza uujue mtaa wenyewe. Ulijengwa na Wahindi waliotangulia, maduka chini na makao juu, kuta za mawe nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Miaka ya sabini ilipoanza, wengi wao walikuwa wameuza na kwenda zao, na vile vyumba vya juu viligeuka afisi. Mashamba yalikuwa yanapimwa kila upande, na penye kupima shamba pana kesi, penye kesi pana wakili, mpiga taipu na mwenye muhuri. Kila mmoja alitaka dirisha linalotazama njia ya mahakama. Mzee Mutinda alikuwa amenunua jengo moja, akaniweka mimi, kijana asiye na mke, niliangalie na kukusanya kodi.

Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, ila alikuwa na sharti moja: chumba cha wakili kisiguswe.

"Watu wanaleta maisha yao hapo," aliniambia. "Kiache na mawe yake."

Kisha akaugua, akalazwa hospitali ya misheni kule Mutomo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lenyewe si lazima liwe lake. Wakili alikuja siku za soko tu, na chumba chake kilikuwa kikubwa. Nikamwahidi kumpunguzia kodi, akakubali. Nikaita seremala, tukakikata katikati kwa plaiwudi. Plaiwudi haikufika darini. Kuifikisha kungetaka mbao mbili zaidi, nami nilijiona mtu wa hesabu. Nilitaka Mzee arudi akute mpangaji wa ziada, anisifu.

Basi yule mama aliitwa Kalondu, mjane aliyekuwa akigombania shamba la marehemu mumewe.

"Karibu, mwaitu," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, nikamwingiza kwa wakili.

Hata sijakaa, akapanda mwanamume mwenye kofia, akisema anatafuta chumba. Alijiita Ngui, mnunuzi wa ngozi. Nikampeleka upande wa pili wa plaiwudi.

"Hii ndiyo afisi?" akacheka chini kwa chini. "Mbuzi wangu wakilala hapa watanishtaki."

"Mbuzi wako hawana kazi mjini, mzee," nikamjibu kwa sauti ya chini kama yake. "Ni shilingi themanini kwa mwezi."

"Themanini, na ukuta wa karatasi?"

Nilitaka kumjibu, akainua kidole. Ng'ambo ya plaiwudi Kalondu alikuwa akizungumza kama mtu aliye peke yake na Mungu wake: "Aliyemwona mume wangu akigawiwa shamba amebaki mmoja, Mzee Kilonzo. Yuko kwa binti yake, Kasikeu, karibu na soko. Shemeji yangu anadhani alishakufa."

Nikamtazama Ngui. Alikuwa ametega shingo, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. Mwanangu, nilielewa. Sikujua yeye ni nani, lakini nilijua kwamba maneno yale hayakuwa yake wala yangu, na kwamba hata kukohoa kungetosha kumnyamazisha yule mama. Akatia mkono mfukoni, akanipa noti mbili za shilingi kumi.

"Ya kushika chumba," akanong'ona. "Usimpe mtu mwingine."

Sikukohoa.

Hakurudi tena. Siku ya kesi niliingia mahakamani nikamkuta amekaa upande wa wapinzani wa Kalondu. Kumbe ndiye shemeji mwenyewe, na siku ile ya soko alikuwa amemfuata Kalondu ngazini. Mzee Kilonzo aliletwa, akasimama, akasema hakumbuki shamba lolote. Nje, binti yake alilia akieleza kwamba Ngui aliwafikia Kasikeu kabla ya jua la siku ile ya soko kutua, akaapa kumfungulia mzee kithitu akitoa ushahidi. Mkamba hachezi na kiapo hicho. Tuliamini kwamba kinamaliza ukoo mzima, hata sisi tuliokuwa tukiimba kanisani. Mbele ya hakimu yule binti hakuthubutu kuyarudia.

Shamba likaenda. Kalondu alipanda ngazi mara ya mwisho kuchukua karatasi zake, akaniomba maji. Nikampa.

"Mungu akubariki, kijana wangu," akasema. "Hapa mlinipokea vizuri."

Nikapokea kikombe, nikamshikia mlango atoke. Baadaye nilisikia yuko milima ya Kilungu na watoto wake, akilima vibarua katika mashamba ya wengine. Huko ndiko alikozikwa, kwenye ardhi ya kuomba.

Mzee Mutinda alirudi amekonda. Akaigonga plaiwudi kwa mkongojo mara moja tu, nami nikamweleza yote. Hakupaza sauti.

"Wahindi waliweka mawe haya wafiche pesa zao," akasema. "Sisi tulikuwa tunaficha wanyonge. Wewe umeyatoboa."

Akaniambia niibomoe kwa mikono yangu. Hakunifukuza, na hilo liliniuma zaidi, kwa maana nilipita mlango ule kila siku kwa miaka mingi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Anayekodisha chumba hakodishi sakafu na dirisha peke yake. Anakodisha na usiri wa watakaoingia. Ukijenga ukuta, ufikishe juu. Ukisikia lisilokuhusu, mwonye mwenyewe mara hiyo hiyo, hata kama utampoteza mpangaji, kwa kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Na usingoje hadi uchelewe ndipo uombe msamaha. Mimi nilikuwa na kikombe cha maji mkononi na nikashindwa.

Mungu akulinde na hesabu kama yangu. Akupe wapangaji waaminifu, na akupe kikohozi kwa wakati wake. Nyumba ya Kalondu ilivunjika, chumba hakikupata mpangaji, na katika biashara yote ile nilichoingiza mfukoni ni shilingi ishirini.