Pili-pili Kisha Kuonja

Yaya wangu, dada yangu mukubwa, alisimama, akapangusa mikono ku kikwembe chake, akasema, "Ni miye nilitia. Huyu alichambua maharagi tu."

Ilikuwa asubuhi. Askari wane walisimama ku mulango wetu. Nyuma yao alikuwa shefu wa avenyu yetu, kiongozi wa mutaa, anaangalia chini kama mutu anayetafuta sindano. Mukubwa wa wale askari alikuwa ameuliza mara mbili: "Nani alitia kitu ndani ya sufuria kisha chakula kwisha kuonjwa?" Miye njo niliyetia. Nilikuwa ninainuka niseme. Yaya alinitangulia. Walimushika huku na huku, wakamupeleka, hata viatu hakuvaa. Alipofika ku njia aligeuka, akaniambia, "Zima ule moto, kuni zitaisha bure."

Njo neno la mwisho nililosikia ku kinywa chake. Habari ya kuni.

Tangu siku ile sijamuona, mwili wake sijauona, kaburi sijaonyeshwa. Komanda aliyemuitisha walisema alihamishwa mbali, akapandishwa cheo. Lakini shefu wa avenyu iko hapa hapa Kindu, na iko hai. Sasa iko muzee, anakohoa. Njo maana ninaandika, miye niliyesoma mpaka mwaka wa ine wa primeri. Akikufa na jibu ndani ya tumbo yake, nitauliza nani?

Nirudi nyuma kidogo.

Tulikuwa wawili tu, yaya na miye. Mama alikufa mapema, baba alifuata kazi ya madini, hakurudi. Yaya njo alinilea. Mbele ya vita tulikuwa na malewa yetu, pa kuuzia chakula, karibu na kituo cha treni: kibanda cha mabati, mabenchi mbili, masufuria tatu. Treni ikifika, watu wanashuka na njaa ya siku tatu, vumbi mpaka ndani ya masikio, na wanauliza tu: "Wale mabinti wa maharagi wako wapi?" Kindu si inchi ya ngombe. Huku tuko na samaki, na sombe ya majani ya mihogo, na muchele wa Kibombo. Nyama ya ngombe ilikuja na treni kama wageni wengine, kwa hiyo chakula chetu kilikuwa cha sikukuu hata siku ya kazi.

Yaya alikuwa na njia yake. Maharagi yanalala ndani ya maji. Kesho yake yanapikwa peke yake, polepole, mpaka ngozi inapasuka. Nyama inakatwa vipande vikubwa, "mutu ajue anatafuna," inachemshwa na mafuta yake yenyewe, kisha inakaangwa ndani ya mawese pamoja na vitunguu na tomati mpaka tomati inapotea. Halafu vyote vinakutana. Yaya alichukua mwiko, akaponda maharagi kidogo ku upande wa sufuria ili muchuzi uwe muzito. "Muchuzi unaokimbia ku sahani, ni wa mutu muvivu," alisema.

Na pili-pili ilikuja mwisho kabisa, sufuria ikiisha kutoka ku moto. Pili-pili ikichemka sana inabaki na ukali tu, harufu inakwenda zake. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Yaya hakula pili-pili, ilimuchoma tumbo tangu utoto. Alionja chumvi, akasema "sawa," halafu miye natia pili-pili iliyosagwa. Miaka yote, kila siku, hivyo hivyo: yaya anaonja, miye natia. Mikono yangu ilizoea kama vile miguu inazoea njia ya mutoni.

Kisha vita ikaingia. Treni ikanyamaza. Muji ukawa mikononi mwa askari wa Komanda, na pori likawa mikononi mwa wengine. Siye wa katikati hatukuwa na njia. Ukienda shambani, wale wa pori wanasema umetumwa na wa muji. Ukirudi, wale wa muji wanasema umetumwa na wa pori. Tulikula majani ya matembele bila mafuta. Chumvi tulichuja ndani ya majivu ya maganda ya ndizi. Mwembamba aliitwa munene kwa kumucheka.

Komanda alikuwa ametoka mbali, inchi ya ngombe. Alikaa ndani ya nyumba ya mufanyabiashara aliyekimbia. Walisema hapendi samaki wetu. Walisema alisema samaki ya Lualaba iko na miiba mingi kama maneno ya watu wa hapa. Siku moja ndege ikamuletea muguu muzima wa ngombe na mufuko wa maharagi. Akauliza ni nani anaweza kumupikia kama kwao.

Shefu wa avenyu akajibu haraka. Hakuna mutu aliyemulazimisha. Alikuja kwetu anacheka, anapiga makofi hata mbele ya kuingia. "Mabinti wangu! Baraka imepiga hodi! Nimewasemea kwa mukubwa!"

Nisiseme uongo: tulifurahi. Yaya alilia. Tangu miezi hatukusikia harufu ya nyama. Siku ile tulifunga vikwembe vyetu vya maua mekundu, nguo moja tuliyonunua pamoja na kukata katikati, yeye nusu, miye nusu. Watu wa avenyu walitutania: "Eee, mapacha wa Komanda!" Yaya akawajibu, "Wivu haishibishi, mama. Ngojeni tuwaletee ukoko."

Nyama ile ilikuwa imechoka kidogo na safari, yaya aliiosha mara tatu na ndimu. Maharagi yalikuwa ya zamani, magumu kama mawe, akayatia maji ya majivu ili yalegee. Tulipika ku kiwanja cha ile nyumba kutoka asubuhi. Miye niliogopa, yaya aliimba. Saa sita ya muchana Komanda alitoka, akakaa ku kiti, watu wake kumi na zaidi wakakaa chini ya ukuta. Shefu wa avenyu alikaa ku benchi ya mbele kabisa, karibu na sufuria, kama baba wa arusi.

Sasa, kwetu desturi ni hii: chakula cha mukubwa, mupishi anakionja mbele yake. Hata pombe, hata maji. Si matusi, ni heshima. Unaonyesha kwamba kinachoingia kwake kimeingia kwako kwanza.

Komanda akasema, "Haya, weye. Onja."

Yaya akachota kijiko kizima, nyama na maharagi, akakula, akameza, akafungua kinywa kuonyesha.

Komanda akacheka. "Weye mupishi wa namna gani, mwembamba hivi?"

"Mupishi anashiba moshi, Komanda," yaya akasema.

Wote wakacheka. Miye pia nilicheka. Na nikicheka hivyo, nikafungua jani langu la ndizi, nikamwaga pili-pili ndani ya sufuria, nikakoroga. Kama kila siku. Kama ku kituo cha treni. Sikufikiri hata kidogo.

Na sikiliza vizuri hapa, kwa sababu hapa njo kesi iko. Shefu wa avenyu alinyoosha shingo, akanusa, akasema kwa sauti kubwa: "Ongeza, binti, ongeza! Pili-pili ya hapa njo dawa ya njaa!" Nikaongeza. Alijua ni pili-pili. Ilimuingia puani, alipiga chafya, watu wakamucheka. Akakula sahani moja. Akaomba ya pili. Akapangusa sahani na kidole.

Komanda alikula sahani ine. Mutu aliyekaa wiki nyingi na samaki ya kopo na bia, anajaza tumbo na mafuta ya ngombe sahani ine, unafikiri nini? Jioni tumbo ilimukamata. Alitapika, alihara. Watu wake kumi na zaidi walikula sufuria ile ile, hakuna aliyesikia kitu. Shefu wa avenyu hakusikia kitu. Siye tulikula ukoko, hatukusikia kitu. Lakini mulinzi mumoja akakumbuka: kisha kuonja, mwanamuke alitia kitu.

"Mwanamuke gani?"

"Yule mwenye kikwembe cha maua mekundu."

Kwa hiyo asubuhi walipofika, hawakujua ni nani kati yetu. Yaya alijua wanatafuta miye. Na shefu alisimama pale nyuma yao. Maneno mawili tu yalitosha: "Ni pili-pili." Hata neno moja. Mutu aliyepiga chafya mbele ya watu wote akawa bubu.

Walikwenda upande wa mutoni, na shefu alikwenda nao. Nilibaki ku mulango. Alirudi muchana peke yake. Njia yake ya kila siku ilipita mbele ya nyumba yetu. Siku ile alizunguka nyuma, ku njia ya chini ya mifereji, na tangu siku ile hakupita tena kwetu.

Nilikwenda kwake jioni. Bibi yake, muke wake, akasema hayuko. Kesho yake, hayuko. Nilisikia kikohozi chake ndani. Siku ya tatu nilimuona Komanda mwenyewe anatembea ku soko ya Kasuku, anachokonoa meno. Muzima. Nikawaza: basi, amepona, atamuachilia. Nilikimbia mpaka ku ile nyumba. Mulinzi akaniambia, "Hakuna mwanamuke huku. Hakukuwa mwanamuke." Sufuria yetu ilikuwa ndani ya kiwanja, niliiona kwa macho yangu, wanaogea ndani yake.

Vita ilikwisha, ile ya kwetu. Treni ikapiga filimbi tena. Nilirudisha malewa yangu ku kituo, benchi moja, sufuria moja. Nilipika kama yaya, nikakaa. Watu walishuka na njaa yao, wakanusa, wakakaribia. Halafu mutu mumoja anavuta mwenzake ku mukono, anamusemea ndani ya sikio. Walikwenda kula mihogo ku jirani. Niliita, "Karibuni, baba zangu!" Walisema "asante mama, tumeshiba," watu wanaotetemeka kwa njaa. Sumu ile haikuwa ndani ya sufuria, lakini ilibaki ku jina langu. Wiki tatu nilikula miye mwenyewe chakula cha kuuza, kisha nikaanza kuuza makala, makaa ya kupikia. Makala hakuna anayeogopa.

Hakuna mwanaume aliyenioa. Nani atalala na mutu ambaye hawezi kula kwake? Ku kilio, wanawake wanapika pamoja, tunajuana namna hiyo: huyu anakata vitunguu, huyu anakoroga bugali. Miye wananipa sahani za kuosha. Wananionyesha tu beseni, kwa heshima yote.

Na bado ninapika. Siku ya Mungu, nikipata nyama, napika maharagi ya yaya. Sijui kupika kidogo, mukono wangu ulijifunza sufuria kubwa. Nakula siku moja, siku mbili, siku ya tatu chakula kinaanza kuchacha, na bado iko nusu. Mwaka jana nilipelekea mama jirani, mugeni ku avenyu, nikasema huyu hajasikia. Alipokea na mikono mbili. "Aksanti mama, Mungu akuongezee!" Kesho nilikuta chakula changu ku mufereji, na kuku wake wanakidonoa. Nilikaa dirishani siku nzima naangalia wale kuku. Hakuna hata moja aliyekufa. Nilitaka kwenda kumuonyesha. Nikakaa tu.

Juzi bibi ya shefu alikufa. Nilikwenda ku kilio, nikaosha sahani kama kawaida. Yeye alikaa ku kiti cha plastiki, watu wanamuinamia: "Pole, baba shefu. Pole, muzee wetu." Nilipangusa mikono, nikasimama mbele yake.

"Pole, shefu."

"Asante, mwanangu."

"Shefu, ile siku kwa Komanda ulikula sahani ngapi?"

Watu waligeuka. Hata waimbaji. Alinitazama.

"Mwanangu, siku ya kilio si siku ya maulizo."

"Basi nipangie siku. Nitakuja."

"Mambo ya vita yalipita. Tuachie Mungu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, na weye unajua," nikamwambia. "Nyumba ya Mungu sijui iko wapi. Yako naijua."

Mutoto wake mukubwa akanishika bega, akanisindikiza mpaka ku njia. Hakunisukuma. Alisema tu, "Mama, muzee amechoka." Amechoka! Weye, shefu, bibi yako amezikwa, na weye unajua pale alipozikwa. Utakwenda kesho, utang'oa majani, utakaa karibu naye. Miye nitakaa karibu na nani?

Kwa hiyo sikiliza, shefu, na watoto wako wakusomee kama macho hayaoni tena. Jina la Komanda ninalo, la yule mulinzi ninalo, na lako ninalo. Nitayataja yote mbele ya juji yeyote atakayekubali kuniita, lakini juji iko mbali na weye iko hapa, na kikohozi kile hakingojei juji. Nyama sitaki, ngombe ya malipo sitaki, usiniletee mutu wa kuomba samahani kwa niaba yako. Toka nje, simama mbele ya avenyu, waambie kwamba ilikuwa pili-pili na kwamba weye uliomba iongezwe. Halafu unipeleke kwa miguu yako, au wakubebe ku kiti, upande ule wa mutoni, mpaka pale ulipomuacha yaya wangu. Nionyeshe na kidole. Ni hapa? Ni pale? Alikuwa bado hai ulipogeuka? Alisema nini? Nijibu.