Shimo la Nne Kinamasini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kupima udongo pale Bungoma nikiwa nimevaa viatu vilivyong'arishwa. Mkuu wa Maabara alivitazama, kisha akanipa donge la udongo uliolowa. "Lisukume kwa kiganja liwe kama uzi," akaniambia. "Likikatika mapema, liko na mchanga mwingi. Likinyooka, huo ni mfinyanzi." Kufikia jioni viatu havikutamanika, na mimi nilikuwa nimeipenda kazi.

Kazi yenyewe ni hii: kabla ya barabara au daraja kujengwa, lazima mtu atoboe ardhi ajue iliyo chini itabeba mzigo gani. Tulitumia bomba la chuma lililogongwa kwa nyundo nzito, huku mmoja wetu akihesabu mapigo. Mapigo machache, udongo ni laini. Mapigo mengi, ni mgumu. Kila udongo uliotoka tuliutia kwenye mfuko wake, tukaandika kina chake. Baada ya Bungoma nilipelekwa Kapsokwony, kwenye miteremko inayoporomoka kila masika, halafu Kitale, ambako nilipanda cheo nikawa msimamizi wa kikosi cha kuchimba. Watu waliniita Mzee Wekesa kabla sijapata mvi.

Miaka michache kabla sijastaafu tulitumwa kwenye kinamasi upande wa Moi's Bridge, ambako kulikuwa na mpango wa daraja jipya. Tulimkuta Ofisa wa Mimea, Madam Chebet, ametangulia. Alikuwa amezungushia vigingi vyekundu eneo lisilozidi uwanja wa mpira. Ndani yake, katikati ya matete, kulikuwa na okidi ndogo zenye maua ya zambarau hafifu. Zilisimama kwenye mboji, ule udongo mweusi wa majani yaliyooza ambao hushika maji kama sponji.

"Mzee, kaunti hii yote tumezipata hapa tu," aliniambia. "Zinategemea maji yakae palepale. Yakishuka kidogo, zimeenda."

Tukakubaliana. Mtambo wa kuchimba ungepita juu ya mbao, nje ya vigingi. Magurudumu yangeoshwa kwanza, yasilete mbegu za magugu kutoka kwingine. Na kila shimo likimalizika lingezibwa kwa matonge ya mfinyanzi mkavu, ambayo huvimba yakilowa. Hilo ndilo lililokuwa kubwa, kwa maana chini ya mboji kulikuwa na tabaka la mfinyanzi lililozuia maji yote. Kulitoboa bila kuliziba ni kutoboa sufuria.

Mashimo matatu tulichimba vizuri. Siku ya shimo la nne Madam aliitwa mkutanoni Kitale. Mawingu yalikuwa yameufunika Mlima Elgon, na Injinia wa Mradi akafika akiwa na haraka.

"Wekesa, tunangoja nini?"

"Mbao, Bwana Injinia. Zingine bado ziko kule shimo la tatu. Na matonge yamebaki kidogo, mengine yanakuja kesho."

"Ati mbao? Mvua ikitukuta hapa si tutakaa mwezi mzima juu ya maua? Katisha hapo ndani, bana."

Ningeweza kukataa. Fomu ya kulinda kinamasi ilikuwa na sahihi yangu, si yake. Nilimpungia dereva mkono, trekta ikakata katikati ya vigingi ikivuta mtambo hadi upande wa pili. Tulichimba mpaka tukafika kwenye mchanga ulio chini ya mfinyanzi, na nikaona kwa macho yangu maji yakishuka ndani ya bomba. Nilitia matonge yaliyobaki, nikajazia udongo wa kawaida, nikafunika kwa majani. Kwenye fomu nikaandika: limezibwa.

Madam aliporudi aliziona alama za magurudumu. "Mzee, si tuliongea?"

"Ilikuwa mvua, madam."

Hakunigombeza. Aliinama akaanza kuinua mashina yaliyolala, moja baada ya jingine. Nilisimama nyuma yake, habari ya shimo ikiwa mdomoni, nikaimeza.

Masika yalificha kila kitu. Kiangazi kilipofika alinipigia simu. "Mzee, maji yanapotea na sielewi yanaenda wapi."

"Labda ni jua," nikamjibu.

Asubuhi ya nne baada ya simu hiyo nilipanda pikipiki hadi ofisini kwake, nikamwambia yote.

"Ungeniambia ile wiki," akasema, "tungeziba kwa siku moja."

Tulilifukua shimo tukaliziba barabara, lakini mboji ilikuwa imekauka na kupasuka. Okidi hazikuota mwaka ule, wala uliofuata. Daraja lilijengwa mbali kidogo, penye mwamba. Niliandika barua ya kusahihisha fomu yangu, nikapewa onyo, na nilistahili.

Sasa niko nyumbani Myanga. Mafundi wa siku hizi hunitembelea kuniuliza mambo ya kuchimba, nami huwaeleza habari hii hata wasipoiuliza. Wengi hudhani trekta ndiyo iliyoangamiza yale maua. Sivyo. Mengi ya yaliyolazwa na magurudumu yaliinuka tena baada ya wiki mbili, niliyaona. Kilichoyaua ni ile miezi tisa niliyokuwa na namba ya Madam kwenye simu yangu, nikanyamaza.