Lenzi Aliyoichagua Nakhisa

Dolphine Nakhisa alikuwa na kisirani, tusifichane. Alitoka Bungoma akiwa na miaka ishirini na miwili, akaingia Kampala, akaajiriwa katika studio ya Masinde, mtu wa kwao, pembeni mwa Kisenyi. Kwa miaka sita kazi yake ikawa kupiga picha za pasipoti na kuzikata kwa mkasi, nne nne. Masinde alimfundisha kila alichokijua kuhusu kamera, na kila alichomfundisha alimfundisha kwa matusi. "Wewe mikono yako ni ya kupalilia," alikuwa akimwambia mbele ya wateja. Nakhisa alijifunza, akamchukia.

Mwaka 2014 akaacha kazi. Alikuwa amenunua kamera kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, kamera nzito ya fremu kamili, zile zenye picha pana kama filamu ya zamani, ambazo hazikubali vilenzi vidogo vya kamera za kawaida. Ilikuja na lenzi moja tu, ndefu, nzuri kwa kumvuta mtu aliye mbali na bure kabisa ndani ya chumba. Na kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa ndani ya chumba.

Aliyemletea kazi hiyo ni Mama Halimah, mjane wa marehemu Haji Tajudin, mke wake mdogo. Hii ni familia ya zamani ya Kisenyi, wazee wao walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Halimah alipokuwa anakwenda Hija alifika studio kupiga picha ya pasipoti, jasho linamtoka, Masinde anamfokea ainue kidevu. Nakhisa ndiye aliyempa maji, akamtengenezea mtandio, akamsubiri atulie. Halimah hakusahau. Umulkheir, mjukuu wa nyumba ile, alipochumbiwa, Halimah akasema chumba cha wanawake hakiingii mwanamume na kamera, na yeye anamjua binti mmoja mwenye adabu.

Shida ya Halimah ilikuwa mke mwenzake, Hajati Shamsia, aliyeshika funguo zote za nyumba. Haji alikuwa amekwisha kufa miaka kumi na moja, ila ugomvi wa wake zake haukuwa na habari ya msiba huo. Hajati alimtazama Nakhisa kuanzia viatu hadi nywele.

"Huyu ndiye Mkenya wa Halimah?" akauliza. "Sikiliza. Nataka picha moja, wanawake wote wa nyumba hii, bibi harusi katikati. Sitaki mtu akatwe hata bega. Ikinipendeza, nina wasichana wengine wanne hawajaolewa, na nina mashoga zangu mji mzima. Isiponipendeza, hakuna nyumba hapa itakayokufungulia mlango. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Hajati."

Basi Nakhisa akapanda kilima cha Nakasero, kwenye duka la Kamis la kamera za mtumba, kutafuta lenzi pana. Na nani alikuwa ameegemea kaunta? Masinde. Yeye alikuwa amechukuliwa kupiga picha za wanaume katika arusi ileile, nje, chini ya hema, na alikuja kununua betri. Kampala nzima, na wao wakutane pale! Nakhisa alitamani kurudi, lakini arusi ilikuwa kesho yake.

Kamis akaweka lenzi mbili juu ya kioo, ya milimita kumi na nne na ya ishirini na nne.

"Nyabo, dada, chukua hii kumi na nne," akasema. "Hii inaona yote. Simama mulangoni tu, kuta zote zinaingia."

Masinde akacheka. "Muuzie ishirini na nne, Kamis. Huyu hajui kitu. Hiyo ingine inavuta watu wa pembeni. Mtu akikaa ukingoni mwa picha, kichwa kinarefuka, mkono unakuwa kama gunia. Atafanya mabibi za watu watoke kama mafenesi." Kisha akamgeukia mwenyewe. "Dolphine, chukua ishirini na nne. Panda juu ya stuli, wabane wakae safu mbili. Umesikia, ama nikuandikie kwa karatasi?"

Ilikuwa kweli, neno kwa neno. Na baya zaidi, Nakhisa alijua ni kweli. Mtu yule alikuwa na roho mbaya lakini hakuwahi kumdanganya juu ya lenzi. Angesema vilevile kwa upole, angesikilizwa. Lakini alisema vile, mbele ya Kamis na wateja wawili waliokuwa wakitabasamu, na damu ikampanda Nakhisa hadi masikioni.

"Nipe kumi na nne," akamwambia Kamis.

"Sawa," akasema Masinde. "Jumatatu utarudi kwangu kukata pasipoti. Mkasi wako bado uko."

Nakhisa akaifunga lenzi kwenye kamera, akapiga picha ya mlango, kaunta, na rafu zote mbili. Kila kitu kiliingia. Pembeni hakutazama, maana hakutaka kutazama.

Kesho yake, baada ya nikaha, akaitwa chumba cha wanawake. Katika nyumba ile heshima iko ukutani. Wakubwa hukaa juu ya magodoro, migongo yao imeegemea mito, na wasio na uzito hukaa katikati, mkekani, hawana pa kuegemea. Hajati Shamsia alikuwa ukutani upande wa kulia, karibu kabisa na mlango. Halimah alikuwa mkekani, miguuni pa bibi harusi, na watoto wanamkanyaga.

Nakhisa alisimama mlangoni, akapiga, akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Wote wameingia, hata bega halikukatwa. Ila ukingoni mwa picha alikuwamo mtu ambaye hakuwahi kumwona: kichwa kimevutwa kama papai, taya limekwenda upande, mkono mnene kuliko kiuno cha bibi harusi. Kabla hajajua afanye nini, Hajati alikwisha kunyoosha mkono.

"Lete nione."

Akampa. Angefanyaje?

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Hajati," Nakhisa akasema kwa sauti ya chini. "Si wewe, ni lenzi. Inavuta anayekaa pembeni. Wa katikati anatoka sawa. Nisameheni. Kama mngesogea wote katikati, mkakaa safu mbili…" Akajisikia akisema maneno ya Masinde, akajichukia.

Hajati hakupandisha sauti. Alipitisha kidole juu ya picha, kutoka ukingoni hadi katikati.

"Kwa hiyo anayekaa hapa nilipo ndiye anayeharibika."

"Ndiyo, Hajati."

"Na nani amekwambia watasogea wote?" Akamrudishia kamera, kisha akaita, na sauti yake ilikuwa imetiwa asali. "Halimah! Halimah mdogo wangu, inuka hapo chini. Mgongo unakuuma, sisi tunakutazama tu. Njoo ukae hapa ukutani, mahali pangu. Leo ni siku ya furaha."

Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakampokea. Halimah aliinuka polepole kama mtu asiyeamini kuwa ndiye aliyeitwa. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kuegemea ukuta ule. Alikaa, akaweka mgongo kwenye mto, machozi yakamlengalenga. Hajati akajishusha kando ya bibi harusi, katikati kabisa, akakunja mikono.

"Sasa piga," akamwambia Nakhisa, na akamtazama machoni.

Nakhisa angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache: Mama Halimah, toka hapo. Aliufikiria mlango wa studio ya Masinde, na vile atakavyocheka, na mkasi. Aliwafikiria wale wasichana wanne. Halimah alikuwa akimtazama yeye peke yake, anatabasamu, anajivunia binti aliyemleta. Nakhisa akapiga. Akapiga mara kumi na mbili, ili asiwepo atakayesema alifumba macho.

Picha ilimpendeza Hajati kupita kiasi. Aliiagiza kubwa, akaitundika sebuleni, akampa kila mwanamke nakala yake. Mwaka haujaisha, Nakhisa alikuwa na kazi hadi nyingine anazikataa, na chumba chake mwenyewe cha kupigia picha huko Kasubi, chenye jina lake mlangoni. Masinde alipokutana naye njiani alitazama pembeni, na Nakhisa alifurahi siku nzima.

Huko Kasubi ndiko Halimah alikomfuata, peke yake, adhuhuri moja, ile picha imefungwa ndani ya gazeti. Aliifungua juu ya meza.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kulaumu. Siku ile nilipewa ukuta, nikasema basi, tumezeeka, Shamsia ameniona. Nimeitazama hii picha siku nyingi. Wenzangu wote wako kama ninavyowajua. Mimi nimekuwa hivi lini?"

Nakhisa alitazama lile papai la kichwa, ule mkono. Ukweli ulikuwa mfupi. Lakini ungefika kwa Hajati kabla ya magharibi, na kwa Hajati ndiko kazi zote zilikotoka.

"Mama," akasema, "mimi napiga kilichopo."

Halimah akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea majibu ya daktari.

"Haya. Watu walinionea haya tu, hawakuniambia." Akaigeuza picha ikalala kifudifudi, akaomba ikae hapohapo, maana kwake hana pa kuiweka. Akaomba radhi kwa kumpotezea muda. Alikuwa ameingia na uso wazi. Mlangoni alisimama, akauvuta mtandio hadi ukafunika pua na mashavu, akaubana kwa mkono, ndipo akatoka barabarani.