Mama Aliyetukatia Kipande cha Shamba Lake

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, binti wa mama mmoja jirani yetu wa zamani alinishika mkono akaniambia polepole, "Mwalimu, Mama ametuacha." Alikuwa amefia jana yake nyumbani kwa binti huyo, hapa Huruma, mjini Eldoret, muda mfupi tu baada ya kunywa uji wake wa asubuhi. Wengi wenu wasomaji wangu hamkumjua. Hakuwahi kushika cheo, na jina lake silitaji hata leo, maana angenikaripia. Lakini nina deni la shukrani kwake, na safu hii ndiyo mahali pekee ninapoweza kulisema kwa sauti.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mzungu mmoja upande wa Timboroa alikuwa akiuza shamba lake arudi kwao, na watu kutoka mkoa wa Kati wakaungana kulinunua. Mama, aliyekuwa mjane, alikuwa mmoja wao. Baba yangu, mwenyeji wa Uasin Gishu, alikuwa ameendesha trekta ya shamba lile tangu ujana wake, na familia kadhaa za wafanyakazi ziliishi humo kama sisi. Wanahisa walipokutana katika banda la kunyolea kondoo ili wagawane ardhi, wafanyakazi walisimama nje mlangoni, nami nikiwa kando ya Baba. Nilikuwa nimeanza kazi ya ualimu mwaka huo. Mwenyekiti akatangaza kwamba wafanyakazi wote wahame kabla ya mvua za kupanda. Watu wakapiga makofi. Mama akasimama.

"Hawa watu wataenda wapi?"

"Mama, keti. Hilo halijaletwa hapa mkutanoni."

"Basi mimi nimelileta. Sisi wenyewe tumeteseka kwa kukosa mashamba. Tutawezaje kuomba Baba Yetu Jumapili, halafu Jumatatu tuwafukuze wenzetu?"

Kelele zikapanda. Mwanamume mmoja akafoka, "Huyu amenunuliwa na hao walio nje!"

"Nimenunuliwa, kweli," Mama akajibu. "Yesu alininunua kwa damu yake kitambo. Wanaotaka kuninunua sasa wamechelewa."

Wachache walicheka, lakini kura ilipopigwa alishindwa. Akasema basi, familia yetu ataikatia sehemu ya shamba lake mwenyewe. Wiki hiyo wanakamati walimfuata nyumbani wakamwonya kwamba asipoachana na maneno hayo hatapata kipande cha maana. Hakubadilisha neno, nao wakampa bondeni, penye tope na baridi ya kuunguza viazi. Baadhi ya wenzake waliacha kumsalimia. Hata kanisani watu walisogea mbali na benchi lake. Yeye na Baba wakachimba mitaro, tope likakauka, kabeji zikakubali. Mwaka uliofuata wanahisa wawili, bila kusema mengi, nao wakakatia familia nyingine mbili mahali pa kuishi. Familia zilizobaki zilibeba mizigo yao zikaenda, na jambo hilo lilimuuma Mama hadi uzeeni. Mwenyekiti hakuwahi kukiri kosa lolote.

Siku moja, nikiwa tayari nina watoto wangu, nilimwuliza ujasiri ule aliutoa wapi. Alicheka hadi akafuta machozi. "Ujasiri gani, Mwalimu? Nilitapika nyuma ya banda kabla ya kuingia. Nilimwomba Mungu mkutano uahirishwe, akakataa. Nikamwambia, basi wewe simama na mimi. Na nilipoinuka nikajua siko peke yangu."

Tunamzika kesho kule bondeni. Watoto wake wametukubalia sisi wa familia zile tatu tumchimbie kaburi, na nimemaliza wiki nzima nikiyatafakari maneno yake. Nimeona watu wengi wazuri wakinyamaza kazini, kwenye kamati, hata kanisani, si kwa sababu hawaijui haki, bali kwa sababu wanangoja woga uwatoke kwanza. Mama hakungoja. Aliingia nao mlangoni, akaukabidhi kwa Mungu, akasema lililompasa kusema. Kwa hiyo, wazazi wangu walizeeka mahali walipopaita kwao, nami nimejifunza kwamba mtu anaweza kutetemeka mwili mzima na bado akawa anashikwa na Bwana.