Rangi ya Darasa

Mwalimu wa sanaa wa shule hii ya msingi anaitwa Mama Brashi, hata na wanafunzi, ingawa wao husubiri kwanza apite. Ana miaka arobaini na sita. Ishirini kati ya hiyo amefundisha kuchora, mara nyingi kwa chaki na mkaa, kwa sababu fungu la sanaa hupangwa kila mwaka na kila mwaka humezwa na dharura: choo, bati, bawaba za mlango.

Mwaka jana aliiomba ofisi ya elimu "rangi za darasa". Alimaanisha za kuchorea. Karani wa huko akachapa "rangi ya darasa", na baada ya miezi miwili zikashushwa ndoo mbili za rangi ya ukuta, nyeupe na buluu.

"Ningezirudisha, nisingeona kitu tena," ananiambia.

Hakumwambia mtu. Alichanganya rangi hiyo na unga wa matofali na masizi, wanafunzi wakachora juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Muhula ulipokwisha, ndoo nazo zilikuwa tupu.

Ndipo ikaja barua: mkaguzi atafika Alhamisi kuangalia darasa lililopakwa rangi.

Kila pikipiki iliposimama getini alidhani ni mkaguzi, chaki ikamponyoka. Nyumbani, mumewe, fundi bomba, alijaribu utani.

"Mama watoto, mwambie ukuta umeinywa."

"Usinichekeshe. Hii ni mali ya serikali. Kuna mwenzangu alifukuzwa kwa rimu moja ya karatasi."

"Basi twende tukapake. Brashi si unazo?"

"Tupake nini, baba watoto? Mate?"



Jumatano Mama Brashi alikwangua ndoo kwa kijiko. Kilichopatikana kilitosha kipande cha ukuta kama mto wa kulalia. Alipomaliza akarudi nyuma kukitazama: weupe wake ulifanya ukuta uliobaki uonekane mchafu maradufu. Akakifuta kwa kitambaa kabla hakijakauka.

Mkaguzi alikuwa kijana, umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Kijana akazitazama kuta nne, akaitazama karatasi yake.

"Rangi iko wapi?"

Mama Brashi hakuwa na uongo wowote tayari. Alifungua kabati akatoa maboksi, moja baada ya jingine: paka, jirani anayefua, pua ya mwalimu mkuu ikiwa kubwa kuliko uso. Mkaguzi aliiangalia pua ile kwa muda. Karibu acheke.

"Kazi nzuri," akasema. "Lakini mimi nimetumwa kuangalia ukuta."

Akaandika amesimama. Mama Brashi alisikia kalamu tu.

"Nitaandika kwamba ofisi na shule hazikuelewana. Kazi hupotezi. Ila kipindi cha sanaa kitasimama mpaka darasa lipakwe rangi, na sijui italetwa lini. Vipindi hivyo utafundisha hesabu. Tumeelewana, mwalimu?"

Nilimuuliza alijibu nini. Aliyapanga upya maboksi magotini, ingawa yalikuwa yamekaa sawa.

"Nilimwambia asante," akasema. "Mara mbili."